Jairokopta haivuti: kutafuta msukumo unaopotea kwenye propela ya nyuma

Lalamiko linalofika karakana mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: mashine haivuti. Rubani anafungua throto hadi mwisho, injini inalia vizuri, lakini miti ya mwisho wa kiwanja inazidi kuwa mirefu mbele yake. Akitua, swali lake la kwanza ni anunue propela gani. Mimi humwomba asinunue chochote kwanza. Haya ninayoyaandika ni majibu niliyoyarudia mara nyingi kwa wenye jairokopta ndogo, yaani ndege inayobebwa na rota ya juu inayozungushwa na hewa tu huku propela ikiisukuma, zile ambazo injini na propela ziko nyuma ya mgongo wa rubani: za mtindo wa Bensen, nyepesi na zilizo wazi, zenye injini za Rotax 503 au 582, na kubwa kidogo zenye Rotax 912 au 914.

Upungufu mdogo wa msukumo unauma sana kwenye mashine hizi, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Tuseme mashine na rubani wake ni kilo 270. Rota na mwili ulio wazi vinazuiwa na hewa kwa nguvu ya kilo 90 kwenye mwendo wa kupaa, na propela inasukuma kilo 120. Zinazokupandisha ni zile 30 zilizobaki, basi. Propela ikipoteza asilimia 10, yaani kilo 12, umebakiwa na 18, na kasi yako ya kupanda imeanguka kwa asilimia 40. Ndiyo maana wadudu waliokauka kwenye ukingo wa panga la propela, ambao kwenye gari ungewafuta Jumapili, hapa wanakuwa habari ya kuvuka au kutovuka miti.

Kabla hujashika panga, zima swichi zote za cheche na uchomoe vichwa vya plagi. Waya wa swichi ukikatika, injini inaweza kuwaka kwa kuzungushwa kwa mkono, na propela haikupi nafasi ya pili. Funga rota, zuia magurudumu. Kisha tafuta daftari. Andika joto la hewa, uzito uliopaa nao, mizunguko ya injini ukiwa umefungua yote ardhini, mizunguko ukiwa unapanda, na sekunde ulizotumia kupanda kutoka futi 500 hadi 1,000 juu ya kiwanja kwa mwendo ule ule. Pasipo namba hizi, kila badiliko litaonekana limesaidia, kwa sababu tu leo asubuhi ni baridi kuliko jana mchana.

Injini haifiki mizunguko yake

582 iliyotakiwa kugonga mizunguko kati ya 6,200 na 6,500 kwa dakika imekwama 5,800. Au 912 ULS imefunguliwa yote na haivuki 5,000.

Mara nyingi chanzo ni pichi kali, yaani mapanga yamelala kwa pembe kubwa, yanashika hewa nyingi kuliko injini inavyoweza kubeba. Lakini usianze nayo, maana kuna mambo matatu ya dakika kumi yanayofanana nayo kabisa. La kwanza ni takometa, saa ya mizunguko, inayodanganya: linganisha na takometa ya mwanga inayosoma propela, ukikumbuka kuiambia idadi ya mapanga na kuzidisha inachosoma kwa uwiano wa giaboksi, kwa sababu giaboksi hupunguza mizunguko ya injini kabla haijafika kwenye propela. La pili ni kebo ya throto. Toa filta ya hewa, mwambie mwenzako asukume throto hadi mwisho, wewe uchungulie ndani ya kabureta uone kama mlango umefunguka wote. Nimekuta zaidi ya mara moja umebaki na robo, na mwenye mashine tayari alikuwa amelipia propela mpya. La tatu ni mafuta na cheche: filta iliyoziba, plagi nyeusi. Injini ya mipigo miwili iliyowekewa jeti (vitundu vya kupitisha mafuta kwenye kabureta) za pwani ikipelekwa nyanda za juu inakunywa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi tititi na nguvu inapotea.

Haya yote yakiwa sawa, ndipo upime pichi. Sogeza mashine mahali pa kusimama imara, weka panga la kwanza liwe mlalo kabisa upande mmoja, tuseme kushoto, na uweke kipima pembe cha kidijitali mahali alipoelekeza mtengenezaji. Wengine hutaka robo tatu ya urefu wa panga kutoka katikati, wengine kwenye ncha. Kisha zungusha propela ulete panga la pili pale pale kushoto, na la tatu vivyo hivyo. Usihame wewe na kipimo chako, lete panga kwako, maana injini yenyewe huwa imeinama kidogo na ukihama unapima mwinamo wa injini. Mapanga yasipishane zaidi ya nyuzi 0.2. Kupunguza nyuzi moja huongeza takriban mizunguko 200 hadi 300 ya injini, kwa hiyo nenda nusu nusu.

Kwa 912, usiridhike na mizunguko midogo eti kwa sababu mashine inapaa hata hivyo. Rotax hawataki injini hizi ziendeshwe zikiwa zimefunguliwa yote chini ya 5,200. Ni sawa na kupanda mlima kwa gia ya nne: mzigo unaangukia injini na giaboksi.

Pichi ikiwa ile ya mtengenezaji, throto imefunguka, mafuta ni safi na bado haifiki, acha. Hapo ni kupima mgandamizo wa silinda, na hiyo ni kazi ya mhandisi wa ndege mwenye leseni.

Mizunguko inapita kiasi, mashine haiendi

Hii ni kinyume chake. Injini inarukia 6,800 kabla hata magurudumu hayajawa mepesi. Karibu kila mara pichi ni laini mno, hasa kama habu, kitovu kinachoshika mapanga, ilifunguliwa hivi karibuni. Pima, ongeza nusu nusu.

Kama haikufunguliwa, angalia kama kuna panga lililoteleza ndani ya habu. Ninachora mstari mwembamba wa rangi unaovuka kutoka shina la panga hadi kwenye habu, kwa kila panga. Mstari ukivunjika, panga limezunguka. Ni rangi ya shilingi chache, na kila ukaguzi wa kabla ya kuruka unauona bila kipimo.

Wenye 914 wana jambo lao. Injini ya tabo, yenye pampu ya kuisukumia hewa ndani, haipotezi nguvu ukipanda milimani, lakini hewa inayokatwa na propela imekuwa nyepesi, kwa hiyo pichi iliyokuwa sawa pwani itaacha injini ipite kiasi huku juu.

Mizunguko ikipanda ghafla angani na msukumo ukashuka, hilo si suala la pichi. Kuna kitu kimeachia: panga, habu au giaboksi. Funga throto, zima injini, tua. Jairokopta inashuka salama bila injini, na rubani wake amefundishwa kutua hivyo. Propela iliyopoteza kipande inaweza kung'oa injini kwa mtetemo ndani ya sekunde.

Mizunguko iko sawa kabisa, lakini haipandi

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, kwa sababu kila saa ya kupimia inasema hakuna tatizo.

Anza na hewa yenyewe. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto, hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa siku ya jua kali. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho au zaidi kidogo. Propela nayo inakuwa nyepesi kuzungusha kwa kiasi kile kile. Matokeo yake mizunguko inabaki karibu pale pale ilipokuwa pwani, na rubani anaamini ana nguvu zote. Msukumo umepungua kwa moja ya tano, uzito wake haujapungua hata gramu. Rudi kwenye hesabu ya kilo 120 uone kilichobaki. Hakuna propela itakayorudisha hilo lote. Ruka asubuhi, punguza mafuta na mizigo, na ukubali kwamba kuna siku mashine ndogo inabaki bandani.

Sababu ya pili kwa wingi ni mwendo. Jairokopta ikienda polepole kuliko mwendo wake bora wa kupanda, rota inadai nguvu nyingi zaidi. Rubani anavuta fimbo ili apande, anazama. Anavuta zaidi, anazama zaidi. Angalia mwendo ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine yako na ushike huo tu, halafu upime upya.

Ya tatu ni rota. Ukiniuliza mimi, nusu ya propela zinazolaumiwa hazina kosa. Mapanga ya rota yenye vumbi na wadudu, au yaliyofungwa kwa pembe isiyo yake, yanakula msukumo wote ambao propela inautoa. Yafute kwa maji na sabuni laini kutoka shina hadi ncha, ruka tena, linganisha sekunde zako. Kama mizunguko ya rota angani imebadilika kutoka ile uliyoizoea, usirekebishe mwenyewe. Rota ndiyo bawa lako.

Ndipo sasa njoo kwenye propela. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, theluthi ya mwisho kuelekea ncha. Kwenye ndege yenye propela mbele, mawe hurushwa nyuma ya propela. Kwetu sisi magurudumu yanaokota kokoto na kuzitupa moja kwa moja ndani yake. Ukingo unaokwaruza kama msasa umeshapoteza umbo, na ncha ndiyo inayofanya kazi kubwa. Tepu ya kulinda ukingo inasaidia, ila iliyoanza kubanduka ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Tundu dogo kwenye propela ya mbao au ya kaboni linasawazishwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Ufa wowote, hata kama unaonekana wa rangi tu, unaishusha propela siku hiyo hiyo. Weka madigadi kwenye magurudumu, na usijaribu injini kwa nguvu ukiwa juu ya changarawe.

Halafu kuna hewa inayoingia. Propela ya nyuma inakula mabaki: hewa iliyokwisha kuchanwa na rubani, kiti, mlingoti unaobeba rota, rejeta na injini. Bandika vipande vya uzi wa sufu, urefu wa kidole, kwenye pande za kiti na kuzunguka rejeta, kisha mwenzako akupige picha ukiwa unapita chini juu ya kiwanja. Uzi uliolala kuelekea nyuma ni hewa safi. Uzi unaocheza ovyo au kusimama wima ni mahali propela yako inapokosa chakula. Mara nyingi dawa ni ndogo: begi lililofungwa nyuma ya kiti, rejeta iliyotanda mbele ya ile sehemu ya mapanga inayofanya kazi, koti linalopepea. Kipande chepesi cha kufunika mlingoti ili hewa iuzunguke bila kuchanika kinaweza kurudisha zaidi ya ulivyotegemea. Ila chochote unachofunga mbele ya propela, kifunge kana kwamba kinataka kutoka, kwa sababu kikitoka kitaipitia.

Kipenyo ninakiweka mwisho ingawa ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote. Kusukuma hewa nyingi polepole ni rahisi kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi. Kwa nguvu ile ile ya injini, kutoka propela ya inchi 48 hadi ya inchi 60, nadharia inakupa msukumo wa karibu asilimia 16 zaidi ukiwa umesimama. Bensen za miaka ya mwisho ya 1950 zilifunga propela fupi moja kwa moja kwenye injini ya McCulloch: inchi 48 kwa mizunguko 4,000 ncha inakwenda mita 255 kwa sekunde, robo tatu ya kasi ya sauti, na nguvu nyingi inaishia kuwa kelele. 912 ULS yenye giaboksi ya 2.43 na propela ya inchi 68 kwa 5,500 inazungusha ncha kwa kama mita 205. Giaboksi ndiyo iliyoleta tofauti hiyo. Lakini kabla hujaota propela ndefu, soma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu, na uangalie uzito wa mzunguko, yaani jinsi propela inavyokaidi kuzungushwa na kusimamishwa: giaboksi ya Rotax aina ya B ina kikomo cha 3,000 kg·cm², za C na E zina 6,000. Propela nzito ya mapanga marefu kwenye B itaivunja.

Kuhusu kuifunga mashine kwenye mti na kupima kwa mizani ya kuning'inizia: ni kipimo kizuri cha kulinganisha leo na mwezi uliopita, propela ile ile. Usikitumie kuchagua propela. Mapanga yaliyosimama mahali pamoja yanaweza kuwa yamezidiwa na hewa haishiki, kisha yakawa bora kuliko mengine ukifika kilomita 90 kwa saa. Mwamuzi ni zile sekunde za kutoka futi 500 hadi 1,000.

Mtetemo

Jua kwanza unatoka wapi. Rota ya jairokopta inazunguka kama mara 300 hadi 400 kwa dakika, kwa hiyo mtetemo wake unauhesabu: fimbo inazunguka polepole mkononi, mwili mzima unatikisika. Propela inazunguka zaidi ya mara 2,000, na mtetemo wake ni mzizimo: ganzi kwenye nyayo, kioo cha pembeni kinachoonyesha ukungu. Ukipunguza throto na mzizimo ukabadilika huku rota ikiendelea vile vile, uko kwenye propela au injini.

Kwa propela, fuata utaratibu huu. Ifute, maana tope upande mmoja tu linatosha kuitoa kwenye mizani. Pima pembe za mapanga kama nilivyoeleza. Angalia njia ya ncha: weka kigingi au kisanduku karibu na ncha ya panga moja, zungusha kwa mkono, kila ncha ipite pale pale bila kupishana zaidi ya milimita 3. Kaza bolti kwa spana ya torki kwa namba ya mtengenezaji. Halafu mipira ya injini, na kwa 912 ulinganifu wa kabureta mbili. Usiache 912 isinzie, yaani izunguke throto ikiwa imefungwa, chini ya 1,400. Giaboksi inagonga na watu wanadhani ni propela.

Bolti za propela ya mbao zinataka uangalifu wa peke yake huku kwetu. Nilifungua moja iliyokuwa imekaa Mombasa miezi mingi kisha ikaletwa juu, na mwenyewe alisema tu kwamba imeanza kuzizima kidogo. Chini ya bamba la habu, kuzunguka kila tundu la bolti, palikuwa na duara jeusi kama lililochomwa kwa msumari wa moto, na unga mweusi ukabaki kwenye kidole changu. Mbao ilivimba kwa unyevu wa pwani, ikasinyaa kwa ukavu wa nyanda za juu, bolti zikabaki zimekaza hewa, propela ikawa inacheza na kujiunguza. Propela ile haikuruka tena. Ukihamisha mbao kutoka hali moja ya hewa kwenda nyingine, kagua torki kabla ya kuruka, baada ya kuruka mara ya kwanza, na kila msimu unapobadilika.

Yote hayo yakishindikana, tafuta mwenye mashine ya kusawazisha propela ikizunguka. Matokeo chini ya 0.2 IPS (inchi kwa sekunde, kipimo cha mtetemo) yanavumilika, chini ya 0.1 ni mazuri. Usiongeze washa za uzito kwa kubahatisha.

Acha papo hapo kama mtetemo umeanza ghafla, au kama propela imegusa chochote, hata nyasi ngumu ikiwa inasinzia. Giaboksi na kreki (shafti kuu ya injini) lazima vikaguliwe na fundi anayejua injini hiyo. Kwa mipigo miwili, angalia pia springi za ekzosi. Kila moja iwe na waya wa usalama uliopita ndani yake, kwa sababu springi ikikatika inaelekea kwenye propela.

Mlio wa mipigo, kama ngoma nyuma ya kichwa

Kila panga likipita nyuma ya mlingoti linaingia kwenye hewa iliyokufa na kutoka tena. Propela ikiwa karibu sana na mlingoti au injini, mlio unakuwa mkali na mapanga yanachoka. Kusogeza propela nyuma kwa kipande cha kuongezea husaidia, lakini kunahamisha uzito na kuongeza mzigo kwenye shafti. Mtengenezaji wa injini aseme ndiyo kwanza.

Pua inashuka ukifungua throto

Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Kama ukifungua throto pua inataka kwenda chini, huenda mstari wa msukumo wa propela unapita juu ya kitovu cha uzito cha mashine. Siku upepo au fimbo iliyosukumwa mbele itakapoipunguzia rota mzigo wake, propela itaendelea kusukuma juu ya kitovu hicho na kuipindua mashine mbele. Rota iliyokosa mzigo haisikii fimbo tena. Marubani wengi wa jairokopta wamekufa hivyo, na haichukui hata sekunde mbili.

Sasa fikiria propela ndefu. Ili isiguse boriti ya chini, injini inainuliwa. Injini ikiinuka, mstari wa msukumo unapanda nayo. Zile asilimia 16 zinanunuliwa kwa sentimita, na sentimita hizo ni chache: utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Uingereza ulionyesha kwamba nafasi ya kitovu cha uzito dhidi ya mstari wa msukumo ndiyo yenye uzito mkubwa katika uthabiti wa mashine hizi, na kiwango kilichopendekezwa ni kutopishana zaidi ya inchi 2, kama sentimita 5, juu au chini.

Kwa hiyo usiinue injini, usibadilishe kipenyo, wala usihamishe kiti au tangi la mafuta mpaka mashine ipimwe kwa kuning'inizwa ikiwa na rubani na mafuta ndani yake, mbele ya mhandisi anayezijua jairokopta. Mpe daftari lako, namba za propela, uwiano wa giaboksi na kila kilichobadilishwa tangu uinunue. Na kama pua imeshaanza kushuka kwa throto, usiirushe kumpelekea. Ipakie kwenye lori.